Hesabu ya Antena Haijakamilika Mpaka Ihakikiwe

Katika elimu ya mawimbi ya redio ipo namba moja inayotajwa kila mara na kuhakikiwa kwa nadra. Namba hiyo ni uelekevu wa antena, yaani kipimo kinachoonyesha ni kwa kiasi gani antena hukusanya mawimbi upande mmoja badala ya kuyatawanya pande zote. Hutajwa katika vitabu vya fizikia, katika karatasi za viwandani na katika matangazo ya biashara. Mwanafunzi huikuta kanuni yake, akaweka tarakimu mahali pa herufi, akapata jibu, akalipigia mstari. Mnunuzi naye huisoma juu ya kasha, akaiamini, akatoa fedha zake.

Makala haya yanashikilia kwamba mstari huo hupigwa mapema mno, na kwamba fedha hizo hutolewa kwa imani isiyo na msingi. Uelekevu uliopatikana kwa njia moja tu ni dai. Bado haujawa maarifa. Huwa maarifa pale unapofikiwa tena kwa njia ya pili isiyoitegemea ile ya kwanza. Jambo la kutia moyo ni kwamba njia hiyo ya pili aghalabu haihitaji maabara ya gharama kubwa. Yahitaji penseli, jedwali la kosaini na saa moja ya utulivu. Kwa hiyo shule isiyo na vyombo haina udhuru wa kuiacha, na mwanafunzi wake hana sababu ya kujiona mnyonge mbele ya karatasi ya kiwandani.

Antena haiumbi nguvu

Kibatari kikiwashwa chumbani huangaza kila upande, lakini kwa mwanga hafifu. Kurunzi yenye taa ya nguvu ileile huangaza mahali pamoja kwa ukali na kuacha pengine gizani. Kioo kilichomo ndani ya kurunzi hakikuongeza mwanga hata chembe. Kimeugawa tu kwa namna nyingine. Antena nayo ni vivyo hivyo. Nguvu inayotoka ndani yake haiwezi kuzidi nguvu iliyoingia kutoka kwenye mtambo. Ikiongezeka upande mmoja, hapana budi ipungue upande mwingine.

Kwa sababu hiyo uelekevu hufasiliwa hivi: huchukuliwa nguvu inayonururishwa katika upande ule unaozidi pande zote, kisha hugawanywa kwa wastani wa nguvu ya pande zote zinazoizunguka antena. Antena ya kubuni, inayonururisha sawasawa kila upande, ina uelekevu wa 1. Mafundi huandika namba hii kwa desibeli: uelekevu wa 2 ni karibu desibeli 3, wa 10 ni desibeli 10, na wa 100 ni desibeli 20.

Neno lenye uzito katika fasili hiyo ni "wastani". Kilele cha nguvu ni rahisi kukijua, kwani huonekana mara moja katika mchoro. Wastani hudai kuzunguka pande zote, juu na chini, mbele na nyuma, bila kusahau hata moja. Makosa mengi ya uelekevu hujificha humo.

Safu yenye awamu

Antena moja ndogo haina uwezo mkubwa wa kukusanya mawimbi. Njia mojawapo ya kuushinda udhaifu huo ni kuzipanga antena nyingi ndogo katika safu na kuzilisha mkondo kwa mpango maalumu. Mwaka 1905 Karl Ferdinand Braun, mwanafizikia Mjerumani aliyekuwa akifundisha Strasbourg, alisimamisha antena tatu katika ncha za pembetatu. Kwa kuuchelewesha mkondo wa baadhi ya antena hizo, aliweza kuyaimarisha mawimbi upande mmoja na kuyafifisha upande mwingine. Miaka minne baadaye, mwaka 1909, alitunukiwa Nishani ya Nobel ya fizikia pamoja na Guglielmo Marconi.

Siri ya safu hiyo ni awamu. Mawimbi mawili yakifika mahali pamoja kilele kwa kilele, huongezana; yakifika kilele kwa bonde, huuana. Kwa kuzibadili awamu za antena, boriti ya mawimbi huweza kugeuzwa bila kuigeuza antena yenyewe. Kwa mfano, ikiwa antena zimetenganishwa kwa nusu ya urefu wa wimbi, na boriti yatakiwa kuinama nyuzi 30 kutoka upande wa mbele, basi kila antena hucheleweshwa kwa nyuzi 180 mara saini ya 30, yaani nyuzi 90, kuliko jirani yake. Hakuna gurudumu linalozunguka wala mota inayonguruma. Rada na vituo vya simu za mkononi vya leo hutumia kanuni hiyohiyo.

Swali linalobaki ni hili: safu ya namna hiyo ina uelekevu kiasi gani, na mtu ajuaje kwamba namba aliyopewa ni ya kweli?

Ganda la chungwa na mistari mitano

Ichukuliwe safu iliyo ndogo kuliko zote: antena mbili za kubuni, moja juu ya nyingine, zimetenganishwa kwa nusu ya urefu wa wimbi, nazo zalishwa mkondo ulio sawa kwa wakati mmoja. Kila moja peke yake hunururisha sawasawa pande zote. Wastani wa nguvu yazo kwa pamoja utapatikanaje?

Hapa husaidia ugunduzi wa kale wa Archimedes. Tufe likikatwa kwa mapande yenye unene sawa, ganda la nje la kila pande huwa na eneo sawa, liwe pande la katikati au la nchani. Kama chungwa lingekuwa tufe kamili, vipande vyake vya unene mmoja vingekuwa na maganda ya eneo moja. Jambo hili huwashangaza wengi, kwani kipande cha nchani huonekana kidogo; lakini ganda lake limelala kwa mshazari, na mshazari huo hufidia udogo wake.

Basi antena hizo na zizungukwe na tufe la kubuni, likatwe mapande kumi ya unene sawa. Kimo cha katikati ya kila pande, kikihesabiwa kutoka kitovuni kama sehemu ya nusu kipenyo, ni 0.1, 0.3, 0.5, 0.7 na 0.9 kwa upande wa juu, na vivyo hivyo kwa upande wa chini. Katika upande wenye kimo fulani, mawimbi ya antena mbili hutofautiana awamu kwa nyuzi 180 mara kimo hicho. Kutokana na hilo, nguvu ikilinganishwa na kilele ni mraba wa kosaini ya nyuzi 90 mara kimo. Mwanafunzi aandike mistari mitano:

Kimo 0.1: nguvu 0.976
Kimo 0.3: nguvu 0.794
Kimo 0.5: nguvu 0.500
Kimo 0.7: nguvu 0.206
Kimo 0.9: nguvu 0.024

Jumla ni 2.500, wastani wa mistari mitano ni 0.5. Nusu ya chini ni sawa na nusu ya juu, kwa hiyo wastani wa tufe zima ni 0.5. Kilele ni 1. Ukigawanya 1 kwa 0.5, uelekevu ni 2.

Njia ya pili ni ya hesabu za juu, nayo huleta kanuni fupi. Pembe ya nyuzi 360 izidishwe kwa umbali wa antena mbili uliopimwa kwa urefu wa wimbi. Saini ya pembe hiyo igawanywe kwa pembe yenyewe ikiwa katika radiani. Jibu liongezwe 1. Kisha 2 igawanywe kwa jumla hiyo. Kwa nusu wimbi, pembe ni nyuzi 180, saini yake ni sifuri, na uelekevu ni 2 kamili. Njia mbili zimekutana. Hapo ndipo mstari unapostahili kupigwa.

Kanuni hiyo huonyesha pia kwamba msemo wa "antena mbili, uelekevu mbili" si sheria. Umbali ukiwa robo ya wimbi, uelekevu ni 1.22 tu. Ukiwa karibu 0.715 ya wimbi, hupanda hata 2.55. Ukiwa wimbi moja zima, hurudi kwenye 2. Na umbali ukipunguzwa hata kukaribia sifuri, uelekevu hurudi kwenye 1, kama inavyopasa, kwa sababu antena mbili zilizo mahali pamoja ni antena moja. Jaribio hili la mwisho ni aina nyingine ya uhakiki: kuipeleka kanuni mahali ambapo jibu lajulikana tangu mwanzo, na kuona kama itasema kweli.

Kosa linaloshinda mtihani

Sasa na aangaliwe mwanafunzi mwingine, mwenye bidii lakini mwenye haraka. Badala ya kulikata tufe kwa unene sawa, yeye alikata kwa pembe sawa: nyuzi 10, 30, 50, 70, 90, na kuendelea mpaka 170. Akakokotoa nguvu ya kila pembe: 0.001, 0.044, 0.283, 0.738, 1.000, kisha namba zilezile kwa kurudi nyuma. Akajumlisha zote tisa, akagawanya kwa tisa, akapata 0.348. Uelekevu wake ukawa 2.87.

Kila hatua ya kujumlisha ni sahihi, lakini jibu ni kosa. Ukanda ulio karibu na ncha, kwa pembe sawa, una eneo dogo sana kuliko ukanda wa katikati. Mwanafunzi huyu ameupa kila ukanda uzito mmoja. Alipaswa kuizidisha kila nguvu kwa saini ya pembe yake, na kugawanya kwa jumla ya saini hizo. Kosa lake limeongeza uelekevu kwa zaidi ya asilimia 40.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hili. Kama mwanafunzi huyu angaliijaribu njia yake kwa antena moja ya kubuni, angalipata wastani wa 1 na uelekevu wa 1, ambalo ni jibu sahihi kabisa. Njia yenye kosa ingalifaulu jaribio hilo, naye angaliondoka akiwa na hakika. Ndiyo maana uhakiki mmoja mwepesi hautoshi. Jaribio jema ni lile ambalo kosa, kama lipo, haliwezi kulipita. Antena inayonururisha sawasawa haiwezi kufichua uzito uliokosewa, kwa kuwa nguvu yake ni ileile popote. Antena mbili za nusu wimbi huufichua mara moja.

Kosa la pili ni la kuzidisha. Daipoli fupi ina uelekevu wa 1.5. Safu ya antena mbili za kubuni za nusu wimbi ina uelekevu wa 2. Wengi huharakisha kusema kwamba daipoli mbili fupi zilizosimama moja juu ya nyingine, kwa nusu wimbi, zitakuwa na 1.5 mara 2, yaani 3. Jedwali la mistari mitano hukanusha. Nguvu ya daipoli fupi katika kimo fulani ni 1 kutoa mraba wa kimo: 0.99, 0.91, 0.75, 0.51 na 0.19. Kila moja ikizidishwa na nguvu ya safu katika mstari wake na kujumlishwa, hupatikana karibu 2.17. Wastani ni 0.435, na uelekevu ni 2.30 tu. Kinachozidishwa ni michoro ya mnururisho, upande kwa upande. Uelekevu wenyewe hauzidishwi. Daipoli na safu, zote mbili, hupunguza nguvu ya juu na ya chini. Safu haiwezi kulipwa tena kwa nguvu ambayo daipoli ilikwisha kuiondoa.

Hesabu sahihi ya kitu kisichojengeka

Yamkini msomaji atasema kwamba makosa hayo ni ya wanaoanza, na kwamba mtaalamu hayafanyi. Lakini hata hesabu isiyo na dosari huweza kupotosha, ikiwa haikuulizwa swali la pili.

Mwaka 1946 A. I. Uzkov, mtaalamu wa Urusi ya Kisovieti, alithibitisha jambo la ajabu. Antena za kubuni zilizopangwa mstari mmoja, zikisogezwa karibu sana na kulishwa mikondo iliyochaguliwa kwa uangalifu, zaweza kufikia uelekevu ulio mraba wa idadi yao katika upande wa mstari wenyewe. Antena 2 hufikia 4. Antena 10 hufikia 100, ilhali zikitenganishwa kwa nusu wimbi na kulishwa sawasawa zina 10 tu. Kwa mujibu wa karatasi, basi, safu inayoenea kiganjani ingeweza kushindana na safu ndefu ya uwanjani.

Hesabu ya Uzkov ni sahihi. Kinachozuia ni maumbile ya vitu. Mikondo inayohitajika ni mikubwa mno, nayo hupingana, antena moja ikivuta na jirani yake ikisukuma. Kinachonururishwa ni tofauti ndogo inayobaki. Mikondo hiyo mikubwa huupasha joto waya, na nguvu ikapotea kabla ya kutoka. Kosa dogo katika urefu wa waya au awamu hutosha kuivunja boriti. Kwa hiyo mafundi hutenganisha mambo mawili: uelekevu, unaoeleza jinsi nguvu iliyotoka ilivyogawanywa, na geini, inayohesabu pia nguvu iliyopotea njiani. Antena yaweza kuwa na uelekevu wa 100, na iwapo sehemu moja tu kati ya mia ya nguvu ndiyo inayotoka, geini yake ni 1. Mnunuzi anayeonyeshwa uelekevu bila geini ameonyeshwa nusu ya habari.

Tena, antena za kweli zilizo jirani huathiriana. Mawimbi ya moja huamsha mkondo katika nyingine, na mkondo uliopangwa na mhandisi si lazima uwe mkondo utakaopatikana uwanjani. Kanuni zilizoelezwa hapo juu haziyajui haya. Kwa hiyo baada ya kuhakiki hesabu kwa hesabu, hubaki kazi ya kuhakiki hesabu kwa kipimo.

Safu ya Cambridge

Mfano mwema wa kazi hiyo ni safu iliyojengwa karibu na Cambridge, Uingereza, chini ya uongozi wa Antony Hewish, ambayo mwaka 1967 iligundua nyota za pulsa. Taarifa ya watafiti wake, iliyochapishwa mwaka 1968, ilieleza kwamba safu ilikuwa na daipoli 2,048 za urefu wa wimbi zima, katika mistari 16 yenye daipoli 128 kila mmoja; kila mstari ulikuwa na urefu wa mita 470 kutoka mashariki hadi magharibi, na upana wa safu ulikuwa mita 45. Ilifanya kazi kwa megahezi 81.5.

Mwanafunzi wa sekondari aweza kuzihakiki namba hizi bila kuondoka kwenye dawati lake. Mistari 16 mara daipoli 128 ni 2,048. Mwendo wa mawimbi ni kama mita milioni 300 kwa sekunde. Ukigawanywa kwa milioni 81.5, urefu wa wimbi ni mita 3.68. Daipoli 128 za urefu huo, zikipangwa ncha kwa ncha, huenea mita 471. Taarifa yasema 470. Namba zinasadikiana.

Uelekevu wa safu kubwa na bapa, yenye boriti upande mmoja tu, hukadiriwa kwa kuzidisha eneo lake kwa 12.57 na kugawanya kwa mraba wa urefu wa wimbi. Eneo la mita 470 kwa 45 ni mita za mraba 21,150. Jibu ni karibu 20,000, au desibeli 43. Na ukiligawanya jibu hilo kwa daipoli 2,048, kila daipoli hupata karibu 10, kiasi kinachoaminika kwa daipoli ya wimbi zima iliyowekewa kiakisi nyuma yake. Kama jibu lingekuwa 1 au 500 kwa kila daipoli, mtu angejua kwamba mahali fulani pana kosa.

Lakini safu kama hiyo hupimwaje kwa vitendo? Kanuni ya upimaji yasema kwamba chombo cha kupimia kiwe mbali kwa umbali usiopungua mara mbili ya mraba wa urefu wa antena, ukigawanywa kwa urefu wa wimbi. Kwa mita 470 na wimbi la mita 3.68, umbali huo ni kilomita 120. Mtambo uliowekwa ukingoni mwa shamba hautatoa kipimo cha kuaminika. Ndiyo maana safu za aina hii hupimwa kwa vyanzo vya redio vilivyoko angani, kama mabaki ya nyota yaitwayo Cassiopeia A, vikiachwa vipite juu ya safu dunia inapozunguka.

Na tabia hiyohiyo ya kuhakiki ndiyo iliyolinda ugunduzi wenyewe. Mwanafunzi wa utafiti Jocelyn Bell alipoona mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde 1.337 hivi, watafiti hawakutangaza mara moja. Iliangaliwa kwanza kama chanzo kilifuata mwendo wa nyota badala ya saa ya kawaida ya binadamu. Kisha darubini nyingine ya redio ikaelekezwa mahali palepale, nayo ikasikia mapigo hayohayo. Baada ya hapo tu ndipo ulimwengu ulipoarifiwa.

Kazi hiyo yaendelea kwa kipimo kikubwa zaidi. Huko Australia Magharibi yajengwa darubini ya SKA-Low, iliyopangwa kuwa na antena 131,072 katika vituo 512, kila kituo na antena 256. Antena hizo hazina sehemu inayozunguka. Boriti zake zaelekezwa kwa awamu na kompyuta. Katika maandalizi ya mradi huo, vituo vya majaribio vilipimwa kwa ndege ndogo zisizo na rubani zilizobeba kitoa-mawimbi, na vipimo vikalinganishwa na hesabu za kompyuta. Hata wenye kompyuta zenye nguvu kubwa hawakuridhika na hesabu peke yake.

Kompyuta si shahidi wa pili

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kazi hii ni ya kompyuta, na kwamba kumfundisha kijana jedwali la mistari mitano ni kumrudisha nyuma. Hoja hiyo yastahili kujibiwa. Ni kweli kwamba programu kama NEC, iliyotengenezwa Marekani katika maabara ya Lawrence Livermore na kutumika sana tangu miaka ya 1980, hukokotoa kwa muda mfupi kile ambacho binadamu asingekimaliza kwa mwezi. Lakini watumiaji wazoefu wa programu hiyo wana desturi moja: huiamuru ikokotoe wastani wa geini katika pande zote. Kwa antena isiyo na upotevu, iliyo angani mbali na ardhi, wastani huo lazima uwe 1. Ukitoka 1.3 au 0.7, mfano ulioingizwa una dosari, hata kama mchoro wake wapendeza macho. Jaribio hilo ni wazo lilelile la kurunzi na kibatari: antena haiumbi nguvu. Mwenye kulifahamu wazo hilo aweza kuisahihisha mashine. Asiyelifahamu hana budi kuitii.

Mizani haijishuhudii

Dukani, jiwe la mizani halikubaliwi kwa neno la mwenye duka. Hupelekwa kulinganishwa na jiwe jingine lililothibitishwa, likapigwa muhuri. Hakuna anayeliona jambo hilo kuwa tusi kwa mfanyabiashara. Vipi basi namba ya antena ipokelewe kwa neno la mwenye kuiuza?

Na ichukuliwe kwamba shule yataka kuunganishwa na mtandao kutoka mnara ulio mbali, na muuzaji ameleta bamba la antena lenye upande wa sentimita 30, la megahezi 2,400, akidai desibeli 25. Urefu wa wimbi ni sentimita 12.5. Eneo ni sentimita za mraba 900. Likizidishwa kwa 12.57 na kugawanywa kwa mraba wa 12.5, jibu ni karibu 72, yaani desibeli 18.6. Desibeli 25 ni uelekevu wa 316, ambao ungehitaji bamba la upande wa sentimita 63 hivi. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo kwa dakika tano ameikinga shule yake na hasara. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini mnunuzi asiyejua kupima hawezi kuvitofautisha.

Hasara ya kutojua si ya fedha pekee. Namba iliyotiwa chumvi ikiingia katika mpango wa mawasiliano, kiungo hukatika siku ile kinapohitajiwa. Namba iliyopunguzwa nayo huweza kuficha kwamba nguvu inayoelekezwa upande mmoja imezidi kiwango kilichoruhusiwa, ikavuruga mawasiliano ya wengine.

Kwa hiyo mambo matatu yangefaa kuzingatiwa. Kwanza, mazoezi ya fizikia na hisabati katika vidato vya juu yadai jibu kwa njia mbili, na alama zitolewe kwa uhakiki kama zinavyotolewa kwa jibu. Pili, walimu watumie mifano ambayo kosa haliwezi kuipita, wala wasiridhike na ile inayokubali kila njia. Tatu, taasisi za umma zinaponunua antena ziulize maswali mepesi: namba hii ni uelekevu au ni geini? Ilikokotolewa au ilipimwa? Kama ilipimwa, ni kwa umbali gani na kwa kulinganishwa na nini?

Walimu watalalamika, na kwa haki, kwamba mtaala umejaa. Lakini jedwali la mistari mitano halihitaji mada mpya. Kosaini imo, wastani umo, eneo la tufe limo, na kanuni ya kutoumbwa kwa nishati imo. Kinachokosekana ni kipindi kimoja cha kuviweka pamoja, na mwalimu atakayemuuliza mwanafunzi aliyekwisha kulipigia jibu lake mstari: "Na kwa njia nyingine, umepata ngapi?"